Siku ya mechi ya kikapu: ratiba ya mchezaji, chips za shabiki, na hii kesi ya mayonezi

#1 Kijenge_PG

Wakuu habari za jioni. Kule kwenye uzi wa ligi ya mkoa mjadala umehama, watu wameacha kuchambua ulinzi wa kanda wanatoleana macho kwa ajili ya mayonezi. Nimeona niuhamishie huku ili kule wabaki na msimamo wa ligi.

Maswali ni mawili. Mchezaji mwenye mechi saa 10 jioni apangeje siku yake, toka anaamka hadi mpira unarushwa? Na shabiki aliyekaa kwenye ngazi za saruji na sahani yake ya chips, mayonezi ni haki yake au anajitafutia tumbo? Kambi moja inasema mayonezi ni sumu, nyingine inasema chips bila mayonezi ni viazi tu. Wenye utaalamu karibuni, ila mje na vipimo. Majibu ya "inategemea" yameshatosha kule.

#2 Kocha_Njiro

Siku ya mechi haipangwi kutoka asubuhi kwenda jioni. Unaanza na mpira wa kurusha, unarudi nyuma.

Tuseme mpira unarushwa saa 10:00. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinataka orodha ya wachezaji na namba zao ifike kwa mwandishi wa meza dakika 40 kabla, yaani saa 9:20. Saa 9:40 zile dakika 20 za kupasha zinaanza kuhesabiwa. Saa 9:50 kocha anathibitisha majina, anataja watano wa kuanza, anasaini. Timu nyingi zinajikwaa hapo hapo: namba iliyoandikwa siyo iliyovaliwa, au jezi ya mtu iko kwenye begi la mwenzake ambaye hajafika. Na timu isiyoweza kusimamisha watano uwanjani hadi dakika 15 baada ya saa iliyopangwa inapoteza 20-0, hata kama wengine wako kwenye daladala Mianzini wanapiga simu kusema "tumeshafika".

Kwa hiyo kufika uwanjani ni saa 8:00. Saa 8:15 hadi 8:45 ni kufunga vifundo vya miguu, anaanza mwenye historia ya kuumia. Saa 8:45 hadi 9:20 ni kutupia mmoja mmoja: unaanza chini ya kikapu, mkono mmoja, unafunga 10 bila kugusa ubao, ndipo unarudi hatua moja. Anayeanza na pointi tatu akiwa baridi anajaribisha bahati, siyo mkono. Saa 9:20 maongezi ya kocha, yasizidi dakika 10, mambo matatu tu: nani anamlinda nani, tunafanyaje wakituwekea kizuizi juu, na mpira wa pembeni tunautoaje. Ukiongeza la nne, la kwanza linasahaulika.

Kupasha kwenyewe: dakika 5 za mbio nyepesi na kukunja viungo ukiwa unatembea, dakika 5 leyapu (kufunga chini ya kikapu ukitokea mbioni) mistari miwili kulia kisha kushoto, dakika 5 kutupia kutoka nafasi unazopata kwenye mchezo, dakika 3 za kasi, mbili kwa mbili au kukata na kurudi, halafu mitupo huru miwili miwili ukiwa umechoka kidogo. Kunyoosha misuli kwa kukaa chini muda mrefu kuache kwa ajili ya baada ya mechi, kunapunguza mlipuko wa mguu.

Kuhusu mayonezi, mchezaji asiiguse toka anaamka hadi kipenga cha mwisho. Baada ya hapo ale hata kopo zima.

#3 shabiki_wa_Levolosi

Kocha, na asubuhi je? Naona timu za Marekani wanaenda uwanjani asubuhi kisha wanarudi tena jioni. Si kuchoshana huko?

#4 Kocha_Njiro

Ile ya asubuhi iliingizwa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na kocha Bill Sharman. Alipochukua Los Angeles Lakers msimu wa 1971–72 aliwatoa wachezaji kitandani siku ya mechi waje kutupia kidogo. Nyota wao Wilt Chamberlain, mpenda usingizi, hakufurahi, lakini msimu huo walishinda mechi 33 mfululizo, wakamaliza na ushindi 69 dhidi ya vipigo 13, wakachukua ubingwa. Kila timu ikaiga. Siku hizi timu kadhaa zimeipunguza kwa sababu ya usingizi: mtu aliyetua na ndege saa 8 usiku anafaidika zaidi akilala.

Kwetu faida yake ni nyingine. Uwanja wa nje una tabia zake: upepo, ringi iliyolegea, sehemu yenye ufa ambapo mpira unadunda ukitafuta njia yake. Dakika 30 hadi 45 saa 3:30 asubuhi zinatosha. Mnatembea seti za mchezo bila kukimbia, kila mtu anatupia 40 hadi 50, mnaondoka bila jasho la kubadilisha fulana.

Angalieni pia jua liko upande gani. Mechi ya saa 10 kipindi cha pili kinachezwa jua limeshuka, na hapo vikapu vimebadilishwa. Anayetazama magharibi wakati wa mitupo huru atapigwa na jua usoni. Lijue asubuhi, lipangie. Na kama uwanja hauna taa, kila dakika mliyochelewa kuanza mnakuja kuilipa kota (robo) ya nne ya mchezo, jua la Arusha linazama karibu saa 12 na nusu.

#5 Lishe_Rau

Naingia kwenye chakula, maana kocha amesema "asiguse" bila kusema kwa nini.

Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Ndiyo kesi yote. Kijiko kikubwa kimoja cha mayonezi, gramu 14 au 15, kina mafuta gramu 10 hivi na karibu kalori 100. Sahani ya chips ya gramu 300 ina mafuta gramu 40 au zaidi kabla hujaweka chochote. Ongeza vijiko vitatu vya mayonezi, unafika gramu 70. Mchezaji akila hiyo saa 8 mchana, saa 10 bado iko tumboni, na damu inayotakiwa miguuni inagombewa na tumbo. Matokeo yake ni uzito, kiungulia kila ukiinama kulinda, na wengine wanatapika kota ya pili. Mayonezi haina sumu yoyote hapo. Imekuja saa isiyo yake.

Kanuni inayotumika kwa wanamichezo ni wanga gramu 1 hadi 4 kwa kila kilo ya mwili, ndani ya saa 1 hadi 4 kabla ya mchezo. Ukiwa mbali na mchezo unakula nyingi, ukikaribia unapunguza. Mchezaji wa kilo 80, mechi saa 10:00, akila saa 6:00 mchana achukue kama gramu 160 za wanga. Kwa sahani ya nyumbani hiyo ni wali uliopikwa gramu 400, ambao una wanga gramu 110 hivi, na ndizi mbivu mbili za kati. Pembeni kuku bila ngozi gramu 120, wa kuchemsha au kuchoma, na mboga kidogo. Maharage siku hiyo yapunguzwe, gesi haina heshima kwa mtu. Mtori wa Moshi unafaa sana, mradi usipikwe na nyama ya mafuta wala kumaliziwa na siagi. Ukiwa mwepesi wa kutosha kunywewa, ni chakula cha mchezaji mwenye hofu ambaye vitu vigumu havishuki.

Saa 8:30 ongeza kitu kidogo: ndizi moja, au vipande viwili vya mkate na asali. Maji ni mililita 5 hadi 7 kwa kilo, saa 4 kabla. Kwa huyo wa kilo 80 ni mililita 400 hadi 560, halafu anakunywa kidogo kidogo. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea saa 8, ongeza.

Mapumziko ya kati ni dakika 15. Hapo ni ndizi nusu au machungwa na kinywaji. Kinywaji cha kutengeneza: maji safi lita 1, sukari gramu 60 ambayo ni vijiko vikubwa vitano vya kusawazisha, chumvi robo kijiko cha chai, limao nusu. Ukizidisha sukari maji yanakawia tumboni na watu wanaanza kushika mbavu.

#6 Mangi_Pasua

Dada Lishe nakuheshimu, ila hapo kwenye mkate na asali umetukatili. Mkate na mayonezi na yai saa 4 asubuhi kuna ubaya gani? Mechi ni saa 10.

#7 Lishe_Rau

Mangi, saa 4 asubuhi hauna ubaya. Kijiko kimoja kwenye mkate, saa sita kabla ya mechi, tumbo limeshamaliza kazi yake. Ndiyo maana sikubaliani na kocha moja kwa moja. Ila yai la kuchemsha liwe la leo, na mkate usiwe umetembea kwenye begi toka usiku.

Kama unataka kitu laini cha kupaka, huku kwetu parachichi limejaa. Robo ya parachichi la kati ina mafuta kama gramu 7, na kuna nyuzi juu. Lakini bado ni mafuta, saa moja kabla ya mechi lina kosa lile lile.

Hata NBA wana mkate wao. Mkate wa siagi ya karanga na jemu ulisambaa toka Boston Celtics msimu wa 2007–08, Kevin Garnett akiwa ndani, hadi ukawa wa lazima kwenye vyumba vya timu nyingi. Ray Allen wa kikosi hicho hicho alikuwa na kuku na wali mweupe, saa ile ile, kila siku ya mechi, kisha anatangulia uwanjani kutupia kabla ya wenzake. Hakuna siri kwenye wali na kuku. Faida ni kwamba tumbo linapewa kitu linachokijua.

#8 KaloleniHoops

Nyie mnaongelea mayonezi na mastaa, nimeona video kocha wa Marekani anamwagiwa ndoo ya mayonezi kichwani baada ya kushinda. Kikapu hicho kina mila gani jamani?

#9 Kocha_Njiro

Mkuu hiyo siyo kikapu. Ni mpira wa miguu wa Kimarekani wa vyuo, mechi inaitwa Duke's Mayo Bowl, inachezwa Charlotte. Mdhamini ni kampuni ya mayonezi, kwa hiyo kocha mshindi anamwagiwa bidhaa ya mdhamini. Duke's yenyewe ilianzishwa na mama mmoja, Eugenia Duke, wa Greenville, South Carolina, 1917, akiuza sandwichi. Mashabiki wa kule wanabishana Duke's haina sukari, nyingine ina sukari, kama sisi tunavyobishana pilipili ya kibanda gani.

#10 MamaChips_Sakina

Hamjambo wanangu. Mmeongea sana wachezaji, mimi niwaambie ya kibandani maana siku ya mechi ndiyo siku ya kazi.

Mayonezi ya kiwandani ikitoka dukani haina tatizo. Ina siki ya kutosha na mayai yake yamepitishwa kwenye joto. Inaharibiwa baada ya kufunguliwa. Kwanza, kuna wanaoongeza maji ili chupa ya kubinya itoke haraka na kopo lifike mbali. Ukishaweka maji umepunguza siki, na siki ndiyo mlinzi. Mteja unaitambua kwa macho: mayonezi nzima inasimama juu ya chips, iliyotiwa maji inatiririka hadi chini ya sahani na kuacha alama ya maji pembeni. Ukiiona hivyo omba tomato.

Pili ni kijiko. Kijiko kimegusa kuku, kikarudi kwenye kopo. Hapo hata ungekuwa na mayonezi ya dhahabu umeshaingiza wadudu. Kijiko cha kopo kibaki cha kopo, na chupa ya kubinya isijaziwe mpya juu ya ya zamani. Imalizwe, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, ikauke kabisa, ndipo ijazwe.

Tatu, usimwage juu ya chips zinazotoka kwenye karai. Joto linaiachanisha, mafuta yanabaki juu na utando mweupe chini, mteja anasema imeharibika. Weka pembeni, achovye mwenyewe. Chips zangu nazikaanga mara mbili: ya kwanza moto wa wastani hadi ziive bila rangi, zinapumzika, ya pili moto mkali wakati mteja amesimama. Zikiwa kavu nje hata mayonezi kidogo inatosha. Zilizolegea ndizo zinazoomba kijiko cha pili.

Na wale wa kachumbari ya kabichi na mayonezi: kabichi kilo 1 ikatwe nyembamba, chumvi kijiko kikubwa kimoja, iache dakika 20, ikamue kwa mkono hadi maji yaishe. Ndipo uweke karoti mbili na mayonezi gramu 150, na ndimu. Usipoikamua, baada ya nusu saa bakuli linakuwa supu.

#11 shabiki_wa_Levolosi

Shikamoo mama. Hiyo ya kuangalia inavyosimama nimeichukua. Sasa ikikaa juani pale uwanjani muda gani basi?

#12 MamaChips_Sakina

Marahaba. Kopo lenyewe likiwa safi kivulini mechi nzima halina neno. Ila ikishachanganywa na kuku, viazi au kabichi, huo ni mchanganyiko mwingine, siki imezidiwa. Saa mbili nje ya baridi, basi. Jua likiwa kali la kupita nyuzi 32, kama Moshi mwezi wa pili, saa moja tu. Bakuli dogo ndani ya bakuli kubwa lenye barafu, unatoa kidogo kidogo. Kilichobaki kwenye meza jioni hakirudi kwenye friji.

#13 Mangi_Pasua

Mayonezi ya kopo mimi huniambii kitu, ya nyumbani ndiyo mayonezi. Kiini kimoja cha yai, haradali kijiko cha chai, siki au ndimu kijiko kikubwa, chumvi kidogo, mafuta ya alizeti mililita 200. Yai na mafuta viwe na joto la chumbani, yai la friji linagoma. Unapiga kiini na siki kwanza, kisha mafuta tone kwa tone hadi uone imeanza kushika, kama robo ya mafuta hivi, ndipo unamimina uzi mwembamba. Mnaoharibu ni kwa haraka. Mafuta yakiingia mengi kwa mkupuo kiini hakiwezi kuyakamata, yanakatika, unabaki na mafuta yenye chembe. Usimwage. Chukua bakuli safi, kiini kipya au kijiko cha chai cha maji na haradali, halafu ile iliyokatika iingize tone kwa tone kama ndiyo mafuta. Inarudi.

Wajapani na mayonezi yao ya Kewpie toka 1925 wanatumia viini tu, bila ute. Ndiyo maana ni nzito na ya njano.

#14 Lishe_Rau

Mangi maelezo yako ya kupiga ni sahihi, yai ndilo linanipa shida. Yai bichi la kienyeji lililokaa kwenye trei kibandani, kisha mayonezi yake inapelekwa uwanjani kwenye joto la Moshi na kuliwa na watu 40, hapo ndipo salmonela, wadudu wa kuharisha, inapopata karamu. Nyumbani, yai la uhakika, mnakula saa hiyo hiyo, ni uamuzi wako. Ila watoto wadogo, wajawazito na wazee wasipewe. Wala wachezaji siku moja kabla ya mechi, kuhara kunaanza hata saa 6 hadi siku kadhaa baadaye, ratiba yote ya kocha inaishia chooni.

Kwa siku ya mechi tengeneza ya maziwa. Maziwa yaliyochemshwa kisha yakapoa vizuri kwenye friji, mililita 100. Mafuta ya alizeti mililita 200. Chumvi nusu kijiko cha chai. Weka kwenye chombo chembamba kirefu, blenda ya mkono ikae chini kabisa, washa bila kuinua kwa sekunde 15 hadi 20, ikianza kuwa nyeupe na nzito ndipo unainua polepole. Ndimu kijiko kikubwa kimoja au viwili mwishoni, inakaza zaidi. Inagoma kwa sababu mbili: maziwa yana uvuguvugu, au chombo ni kipana na kisu hakifiki. Protini ya maziwa inafanya kazi ya kiini. Haina yai bichi, lakini haina siki nyingi pia, kwa hiyo sheria ya Mama ya saa mbili inaihusu tangu dakika ya kwanza. Tengeneza asubuhi, beba kwenye baridi, imalizeni.

#15 Fundi_wa_Vifundo

Kocha amepita haraka kwenye kufunga vifundo, naongeza, maana ndipo nusu saa inapotea.

Mguu mkavu, umeoshwa, bila mafuta ya kupaka. Tepu ya michezo ya sentimita 3.8. Mchezaji anakaa, unyayo umesimama nyuzi 90 na mguu wa chini, na abaki hivyo, akilegeza unyayo tepu yote inakaa vibaya. Nanga mbili, yaani vipande vya kuzunguka mguu vinavyoshikilia vingine, juu ya kifundo, kama upana wa kiganja juu yake. Kisha vipande vitatu vya umbo la U, unaanzia ndani, unapita chini ya kisigino, unapandisha nje kwa kuvuta, kwa sababu wengi wanaumia kwa mguu kukunjikia ndani. Umbo la nane mara mbili, kufunga kisigino mara mbili kila upande, unamalizia kwa kufunika mapengo. Mikunjo ndiyo inayoleta malengelenge. Vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, kata, anza upya. Tepu inalegea ndani ya nusu saa ya kukimbia, kwa hiyo kumfunga mtu saa 7 ni kuharibu roli.

Mikono yenye mayonezi isiguse tepu, gundi haishiki kwenye mafuta. Mnacheka, lakini msaidizi anayekula chips huku anafunga miguu yupo kila timu.

#16 Kijenge_PG

Hahaha huyo msaidizi tunamjua. Swali la nyongeza: timu za Dar zikija Arusha zinalalamika mpira "mgumu". Visingizio?

#17 Fundi_wa_Vifundo

Siyo visingizio. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ya nje ina mgandamizo mdogo kuliko Dar, kwa hiyo mpira uliojazwa Dar ukisoma psi 8 kwenye geji, ukifika huku unasoma kama 10, pungufu kidogo kwa sababu ya baridi. NBA wanataka 7.5 hadi 8.5. Dawa ni kupima upya asubuhi ya mechi, siyo kutoka nao kwenye basi hadi uwanjani. Bila geji, udondoshe kutoka mita 1.8, juu ya mpira pafike kati ya mita 1.2 na 1.4. Ukipita hapo toa hewa.

Pumzi nayo ni kweli. Denver kule Marekani, wanakocheza Nuggets wa NBA, iko karibu mita 1,600, na wageni wanahema kota ya kwanza. Arusha ni ndugu yake mdogo. Anayetoka pwani afanye zamu fupi za dakika 4 au 5 kipindi cha kwanza, anywe maji zaidi. Moshi iko chini ya mita 1,000, pale adui ni joto.

#18 mkesha_wa_NBA

Mmetusahau sisi tunaotazama kwenye runinga. Mechi ya saa 1 jioni New York huku ni saa 9 usiku wakati wa baridi yao, na saa 8 usiku wakisogeza saa zao mbele. Los Angeles saa 1 jioni, wakati huo wa baridi, ni saa 12 asubuhi kwetu, unaangalia huku unavaa viatu vya kazini. Toka Mtanzania wetu Hasheem Thabeet achaguliwe namba 2 na Memphis ya NBA mwaka 2009 huku kuna watu hawajalala. Shabiki wa saa 9 usiku ale nini?

#19 Lishe_Rau

Kula chakula cha kawaida saa 2 usiku, lala saa 3, amka saa 8:50. Ukitaka kutafuna, karanga kidogo au bisi, nyota wa NBA Stephen Curry mwenyewe ni mgonjwa wa bisi. Chips na mayonezi saa 9 usiku halafu unarudi kulala saa 11:30 ndiyo kiungulia kamili: tumbo limejaa mafuta na wewe umelala chali. Kama lazima, kaa wima kwa muda wa saa mbili hadi tatu baada ya kula, yaani nenda kazini moja kwa moja.

#20 Refa_Majengo

Nimesoma yote, hakuna aliyetaja sakafu. Tone la mayonezi uwanjani ni hatari kuliko jasho. Jasho unalifuta na kitambaa kikavu, mafuta ukiyafuta kavu unayasambaza. Mwamuzi atasimamisha mchezo. Utaratibu: karatasi kwanza kuondoa donge, kisha kitambaa chenye sabuni ya maji, kisha maji, kisha kikavu, na ujaribu kwa soli ya kiatu kabla ya kuruhusu mchezo. Kwenye saruji yenye vumbi unaweza kumwaga unga wa sabuni dakika moja ndipo ufute. Mpira uliogusa mayonezi unatolewa, unaletwa wa akiba. Kwa hiyo wenye timu, wekeni ndoo, sabuni na vitambaa viwili chini ya meza ya waandishi.

Na mashabiki, kutoka mstari wa pembeni hadi mtu wa kwanza kuwe na mita 2 tupu. Sahani zianze ngazi ya pili.

#21 Mangi_Pasua

Refa, ngazi ya kwanza ndiyo yenye kivuli.

#22 Refa_Majengo

Basi wa ngazi ya kwanza kuleni na tomato mezani kwa Mama, mkimaliza ndipo mshuke.

#23 MamaChips_Sakina

Tomato nayo inateleza mwanangu. Leta benchi pale kibandani, waone mechi kutokea hapo, mimi nina kivuli na barafu.